Shamba, Upepo na Nafsi: Maumbile na Utulivu wa Moyo katika Riwaya Tatu za Kiswahili

I. Utangulizi

Katika uhakiki wa riwaya za Kiswahili maumbile yamepewa nafasi finyu. Mhakiki akishakwisha kujadili dhamira, wahusika na matumizi ya lugha, huongeza aya moja au mbili juu ya mandhari, akataja ziwa, milima au mashamba ambamo visa vinatokea, kisha akafunga kazi yake. Maumbile huhesabiwa kuwa pazia lililotundikwa nyuma ya waigizaji. Makala haya yanakusudia kuipinga desturi hiyo kwa kuuliza swali moja: riwaya zetu zinasema nini juu ya uhusiano uliopo kati ya mtu kukaa na ardhi, miti na maji, na afya ya nafsi yake?

Nje ya fasihi swali hili limeshughulikiwa kwa bidii. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kuondolewa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, kati ya 1972 na 1981. Nusu yao walilala katika vyumba ambavyo madirisha yake yalielekea miti, na nusu walitazamana na ukuta wa matofali. Wale walioiona miti walitoka hospitalini mapema zaidi, na dawa kali za kutuliza maumivu walizitumia kwa uchache zaidi kuliko wenzao. Mnamo 1982 idara ya misitu ya Japani ilianza kuwahimiza wananchi kwenda msituni kwa ajili ya afya, ikakiita kitendo hicho kwa jina lenye maana ya kuoga katika msitu. Mwaka 2019 uchunguzi uliohusu watu karibu 20,000 wa Uingereza ulionyesha kwamba wale waliokaa nje katika maumbile kwa dakika 120 au zaidi kwa wiki walielekea kusema kuwa wana afya njema na maisha ya kuridhisha kuliko wale wasiokwenda kabisa.

Hata hivyo, msomi wa Kiafrika hawezi kuyapokea maarifa haya pasipo tahadhari, kwa kuwa hoja inayofanana nayo ilikwisha kutumiwa dhidi yake. J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mjini Nairobi kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitoa mwaka 1953. Kwa mtazamo wake, Mwafrika aliyebaki katika mazingira yake ya asili hupatwa na majonzi ya kuumiza nafsi kwa nadra tu, na maradhi ya akili humwandama zaidi akisogea karibu na mji, shule na kazi ya mshahara. Mwaka uliofuata aliiandikia Serikali ya kikoloni ya Kenya taarifa juu ya saikolojia ya Mau Mau, ambamo uasi wa watu walionyang'anywa ardhi ulielezwa kwa lugha ya misukosuko ya akili. Kusema, basi, kwamba maumbile humponya Mwafrika si kusema jambo jepesi. Maneno hayo yaweza kuwa kweli tupu, na yaweza pia kuwa njia ya kumwambia arudi shamba na kunyamaza.

Hoja yangu ni kwamba riwaya za Kiswahili zimetuachia njia ya kutoka katika utata huu. Zinatenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani kutuliza na kuponya. Maumbile yakitazamwa tu hutuliza, na utulivu huo haudumu. Ili yaponye, sharti mtu awe na kazi yake ndani ya maumbile hayo, awe na haki juu ya anachokilima, na awe na majirani. Nitaionyesha hoja hii kwa kuzichunguza Utubora Mkulima ya Shaaban Robert (1968), Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi (1978) na Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974). Sizipangi kwa tarehe za kuchapishwa, bali kwa mfuatano wa hoja.

II. Msamiati wa Upepo na Moyo

Kabla ya kuzifikia riwaya, yafaa tuisikilize lugha yenyewe. Neno "maumbile" latokana na kitenzi kuumba, na maana yake ya kwanza ni jinsi kitu kilivyoumbwa. "Mazingira" ni yale yanayomzingira mtu. Yote mawili ni maneno ya darasani kuliko ya barazani. Msemaji wa kawaida hasemi kwamba anakwenda katika maumbile. Husema anakwenda shamba, kondeni, malishoni, pwani au ziwani, na karibu kila moja ya sehemu hizo hujulikana kwa kile ambacho binadamu hukifanya hapo: kulima, kuchunga, kuvua. Pale ambapo binadamu hana shughuli huitwa mwitu au nyika, na katika mapokeo yetu mwitu ni mahali pa kuingia kwa hadhari. Mnyama wa mwituni ni yule ambaye hana uhusiano na nyumba ya mtu. Kwa hiyo lugha haisifu maumbile kwa jumla; hupambanua kati ya ardhi yenye mapatano na binadamu na ardhi isiyo nayo.

Jambo la pili ni kitenzi kupunga. Mtu aliyechoka na joto la nyumba hutoka jioni kwenda kupunga upepo. Mtu aliyepagawa hupelekwa kwa mganga kupungwa pepo. Kitenzi ni kimoja, na majina yenyewe yanakaribiana kiasi kwamba wingi wa upepo ni pepo. Sitaki kudai kwamba wazee walikusudia fumbo hapo, maana hoja zinazojengwa juu ya nasaba ya maneno peke yake hubomoka upesi. Hata hivyo ukaribu huo una mafunzo. Tendo la kwanza ni jepesi: mtu huweza kulitenda peke yake, akarudi nyumbani amechangamka, na kesho joto likamrudia. Tendo la pili ni zito. Huhitaji ngoma, ubani, mganga, gharama, na zaidi ya yote jamaa na majirani wanaoketi pamoja na mwele mpaka kinachomsumbua kitajwe jina. Upepo hupungwa na mmoja, bali pepo hupungwa na wengi. Hapo ndipo tofauti kati ya kutuliza na kuponya inapoanza kuonekana.

Tatu, maneno yetu mengi ya raha ya moyo ni maneno ya ubaridi. Kuburudika kuna asili ya Kiarabu yenye maana ya baridi, na kupoza ni kupunguza moto wa uji kama ilivyo kupunguza ukali wa ugonjwa. Huzuni, kwa upande wake, ni uzito na maumivu ya ndani: moyo mzito, moyo kusononeka. Kitenzi sonona, ambacho wataalamu wa leo wamekitumia kuunda istilahi ya sonona kwa maana ya ugonjwa wa huzuni iliyokithiri, kilikuwapo katika lugha muda mrefu kabla ya istilahi hiyo. Jambo hili peke yake latosha kuitia shaka dhana ya kwamba Waafrika hawakuijua hali hiyo. Watu hawatungi neno la maumivu wasiyoyapata.

III. Busutamu: Utubora na Jembe

Utubora Mkulima ilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kufa kwa mwandishi wake. Shaaban Robert mwenyewe alianza kuitumikia Serikali ya kikoloni mwaka 1926, akaishi miaka mingi katika maofisi, na kwa hiyo aliyajua maisha ya mshahara kwa ndani. Katika riwaya hii Utubora anaiacha kazi ya mjini na kwenda Busutamu kuwa mkulima. Kama ilivyo desturi ya mwandishi huyu, majina ya wahusika na mahali ni maelezo: Utubora ni sifa ya utu, na Busutamu ni jina la kumvuta msomaji akitamani kijiji hicho kabla hajakiona.

Lawama iliyorudiwa na wahakiki, hasa wale walioathiriwa na nadharia ya Ki-Marx katika miaka ya 1970, ni kwamba Shaaban Robert ni mdhanifu. Kwamba Utubora anaukimbia mji badala ya kupambana na uovu wake. Lawama hii ina uzito, na nitairudia. Lakini inapomhesabu Utubora kuwa mtu aliyekwenda shamba kutafuta mandhari nzuri, imeusoma utangulizi wa mapokeo ya ulimbwende wa Ulaya badala ya kuisoma riwaya yenyewe. Mlimbwende wa Ulaya aghalabu hutoka mjini kwenda kuutazama mlima, na mlima humrudishia hisia zake. Utubora hakwenda Busutamu kutazama. Riwaya haikuitwa Utubora Shambani wala Utubora Mapumzikoni. Imeitwa Utubora Mkulima. Nomino ya mtendaji ndiyo iliyobeba maana. Raha anayoipata ni raha ya mtu ambaye asubuhi anajua kwa nini ameamka, na ambaye jasho lake analiona limegeuka mmea mbele ya macho yake. Mjini kazi yake ilikuwa ya kuongeza mali ya mwingine. Shambani anaiona kazi nzima, mwanzo wake na mwisho wake.

Tena Utubora hakai mwituni kama mtawa. Busutamu ina majirani, na riwaya yamhukumu kwa jinsi anavyohusiana nao. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Methali hii hufundishwa kama onyo kwa mgeni mvivu, lakini ina upande wa pili. Jembe ndilo linalomtoa mtu katika ugeni. Asiyepewa jembe atabaki mgeni daima, hata akikirimiwa namna gani. Utubora analitwaa jembe mwenyewe, na kwa jembe hilo anakuwa mtu wa Busutamu. Uponyaji wake una sehemu mbili zisizotengana: udongo na watu.

Hata hivyo, riwaya hii ina pengo. Utubora anachagua. Mlango wa shamba uko wazi mbele yake, naye anaingia kwa hiari. Je, yule ambaye hakuchagua kuwapo shambani, na ambaye ardhi anayoilima si yake?

IV. Shamba la Nani?

Jibu la swali hilo tunalipata kwa Adam Shafi. Kasri ya Mwinyi Fuad inatupeleka Unguja kabla na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Fuad ni mwenye ardhi. Ana kasri, ana mashamba, ana watumishi na wakulima wanaomtumikia. Ukiyatazama mashamba yake kwa jicho la mchoraji, hayana tofauti na Busutamu: miti ni ileile, upepo ni uleule. Wala haikosekani kazi ya mkono, kwani wakulima wanafanya kazi kutwa. Lakini hakuna anayepona hapo. Shamba linampa Fuad starehe na kuwapa wafanyakazi wake uchovu, hofu na fedheha. Hata starehe ya Fuad si utulivu wa nafsi. Ni starehe ya mtu anayelazimika kuulinda ubwana wake kila siku kwa ukali, na inapoondoka milki hana cha kumsimamisha.

Riwaya hii yasahihisha riwaya ya kwanza. Inatuonyesha kwamba kazi ya mikono katika maumbile haiponyi kwa kuwa ni kazi ya mikono tu. Mtumwa wa shamba la minazi au la mikarafuu alikaa katika maumbile kwa saa nyingi kuliko mtu yeyote anayehesabiwa na watafiti wa leo, na hakuna atakayethubutu kusema kwamba nafsi yake ilistarehe. Hapa pia ndipo nadharia ya Carothers inapovunjika. Yeye alitazama umbali wa mtu kutoka shamba hadi mji, akadhani kwamba umbali huo ndio unaozaa maradhi. Hakuuliza ni nani mwenye shamba. Katika Kenya ya wakati wake, watu wengi walikwenda mjini kwa sababu ardhi ilikwisha kuchukuliwa. Kilichowaumiza hakikuwa mji peke yake. Kilikuwa ni kunyang'anywa.

Historia yetu ya karibu inalishuhudia jambo hili. Msitu wa Karura, ulio kando ya Nairobi na wenye zaidi ya hekta 1,000, leo ni mahali ambapo wakazi wa mji hukimbia, hutembea na kupunga upepo. Lakini Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipokwenda huko kupanda mti, kupinga sehemu za msitu huo kugawiwa watu binafsi, walishambuliwa na walinzi na kuumizwa. Utulivu unaopatikana Karura una historia ya ugomvi nyuma yake. Mhakiki atakayeieleza miti hiyo kama mandhari tu ameiacha nusu ya habari.

V. Kazimoto na Kijiji Kisichoponya

Katika Kichwamaji Kezilahabi anakwenda mbali zaidi. Yeye alizaliwa Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, na maji ya ziwa na maisha ya kijiji yamo katika riwaya zake nyingi za kwanza. Kwa mujibu wa nadharia ya kurudi kwenye asili, Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao, angepaswa kupona. Hakunyang'anywa ardhi, na kijiji ni chake kwa kuzaliwa. Lakini Kazimoto haponi, na mwisho wake ni kujiua.

Kwa nini? Jibu la haraka ni kwamba elimu ya kigeni imemtenga na jamii yake, na wahakiki wengi wameishia hapo, wakitaja pia athari za falsafa ya udhanaishi. Jibu hili si kosa, ila halijakamilika. Tuangalie jinsi Kazimoto anavyohusiana na mahali alipo. Yeye ndiye msimulizi, na usimulizi wake ni wa mtu anayejitazama bila kukoma. Hata anapokuwa kati ya watu, fikira zake zinajirudia na kujizungusha kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Kijiji amekigeuza kitu cha kuchunguzwa. Anakiona, anakicheka, anakihurumia, lakini hana jembe ndani yake. Ni mgeni wa siku mbili ambaye siku ya tatu haifiki.

Wala kosa si lake peke yake. Kijiji nacho kimepasuka. Rukia, dada yake, ameharibiwa maisha na Manase, kijana wa palepale aliyepata elimu na cheo. Na aibu, kisasi na ushirikina vimekaa mahali pa ujirani. Sharti la majirani, ambalo Busutamu ililitimiza, limekosekana. Maumbile yapo, haki ya kuzaliwa ipo, lakini hakuna mapatano kati ya watu yanayoweza kumpokea mtu aliyeumia. Kezilahabi hasemi kwamba maumbile ni uongo. Anasema kwamba hayawezi kufanya peke yake kazi ambayo watu wameikataa.

Hapo inafaa kukumbuka jambo lililofanyika nje ya fasihi. Kuanzia 1954, Thomas Adeoye Lambo, daktari wa magonjwa ya akili wa Nigeria, aliwatibu wagonjwa katika mpango wa vijiji vya Aro, karibu na Abeokuta. Badala ya kufungiwa wodini, wagonjwa walikaa katika nyumba za wanakijiji pamoja na jamaa zao, wakienda hospitalini kwa matibabu na kushiriki katika shughuli za kijiji. Lambo hakuwaweka chini ya miti na kuwaambia watazame. Wala hakuitupa dawa. Aliunganisha dawa, kazi na ujirani. Mpango huo ni kama jibu la Mwafrika kwa Carothers, na ni jibu linalolingana kwa ajabu na yale ambayo riwaya zetu zinayasema.

VI. Hitimisho

Huenda ikasemwa kwamba wagonjwa wa Pennsylvania walipona mapema kwa kutazama tu, na kwamba hoja yangu yawadhulumu. Sikatai kwamba kutazama kuna faida. Lakini tukumbuke wagonjwa hao walikuwa na nini kabla ya dirisha: kitanda, mpasuaji, wauguzi na nyumba za kurudia. Dirisha liliongeza kitu juu ya vingine vilivyokwisha kuwapo. Riwaya tulizozijadili zahusu watu ambao vitu hivyo vya awali ndivyo vinavyogombaniwa, na ndiyo maana hazitosheki na dirisha.

Matokeo ya uchunguzi huu kwa ufundishaji wetu ni ya moja kwa moja. Tumezoea kuwauliza wanafunzi waeleze mandhari ya riwaya, nao hutujibu kwa orodha ya miti na maji. Yafaa tuwaulize maswali matatu badala yake: ni nani anayefanya kazi katika ardhi hii, ni nani mwenye ardhi, na mhusika akiugua nafsi ni nani atakayekwenda kuketi naye? Riwaya ambayo majibu yake ni ya kuridhisha itakuwa imeeleza uponyaji, hata kama haina maelezo marefu ya machweo ya jua.

Katika siku hizi ambapo afya ya akili inajadiliwa waziwazi vyuoni mwetu, wapo watakaowashauri vijana waliolemewa waende kutembea msituni. Ushauri huo ni mwema, na mwanafunzi akiufuata ataburudika. Lakini akirudi jioni na kukuta hakuna aliyejua kwamba alikuwa ametoka, tutakuwa tumempa upepo tu, na kazi iliyobaki ni yetu sisi tulio jirani naye.